Sindano ya damu yako mwenyewe: ndani ya bomba kuna nini?

Jirani yangu hapa Rau, Moshi, amepandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka 20. Kupanda hakumsumbui. Kinachommaliza ni kurudi: kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka kuna karibu mita 3,000 za mteremko, na magoti yake huzihisi zote. Usiku mmoja alinigongea akiwa na simu mkononi. Kliniki moja ya Arusha ilikuwa imerusha tangazo: damu yako mwenyewe, haina kemikali, inatibu magoti, makunyanzi na nywele.

"Dada, wewe si ndiye unayeshinda na damu za watu?" aliniuliza kabla hata hajakaa. "Hii kitu ni ya kweli au wanataka hela zetu tu?"

Kazi yangu ni maabara, kwa hiyo kushinda na damu za watu ni kweli. Lakini swali lake lilinikalia vibaya, kwa sababu kila jibu fupi nililolifikiria lilikuwa na uongo ndani yake. Tangazo lilikuwa limeweka goti, uso na upara kapu moja, kama duka la Mbuyuni linalouza mchele, ndoo na betri. Na jina lenyewe, PRP, kifupi cha Kiingereza cha plazma yenye chembe sahani nyingi, watu hulitumia kwa vitu ambavyo ukivipima havifanani.

Nianze na kile ninachokiona kila siku. Chupa ya damu ikitoka kwenye mashine ya kuzungushia, damu inakuwa imejipanga. Chini zimelala chembe nyekundu, ambazo kwa mtu mzima huchukua karibu asilimia 45 ya ujazo. Juu kuna plazma, maji ya manjano kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa. Katikati, ukiinua chupa dirishani, unaona mstari mweupe wa kijivu, mwembamba kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Humo ndimo zimejazana chembe nyeupe pamoja na chembe sahani. Hizo chembe sahani ndizo zinazotafutwa kwenye shughuli hii yote.

Chembe sahani si seli kamili. Ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho, vinazunguka mwilini siku 8 hadi 10, kisha vinaondolewa. Ukijikata kidole ukimenya mshare, zinakuwa za kwanza kufika: zinashikana, zinaziba tundu, na zinapasua vifuko vidogo zilivyobeba ndani. Vifuko hivyo vina protini ambazo tuziite vichochezi vya ukuaji. Kimoja kinaita seli za kutengeneza tishu, kingine kinaamsha mishipa midogo ya damu ichipue, kingine kinahimiza ngozi ifunge. Sehemu kubwa ya akiba hiyo hutoka ndani ya saa moja ya kwanza.

Wazo la PRP linatoka hapo, na si wazo la kijinga hata kidogo. Chukua damu ya mgonjwa, kusanya chembe sahani zake, zirudishe kwa wingi mahali panapouma. Ila angalia vizuri kinachorudishwa. Vichochezi si matofali. Ni mbiu ya mgambo: ikilia, mafundi walioko kijijini wanakusanyika. Kama fundi hayupo, mbiu haimzai. Nitarudi kwenye hili nikifika kwenye nywele.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko matangazo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa damu walilitumia kwa mfuko wa chembe sahani anaoongezewa mgonjwa aliyepungukiwa. Mwaka 1987 madaktari wa Italia waliitumia kwenye upasuaji wa moyo. Mwaka 1998 Robert Marx, daktari wa upasuaji wa taya huko Marekani, alionyesha namna ya kuichanganya na vipandikizi vya mfupa wa taya, na madaktari wa meno wakaipokea. Kisha ukaja mwanzo wa 2009: Hines Ward wa Pittsburgh Steelers, timu ya mpira wa Kimarekani, aliumia goti, akachomwa plazma yake mwenyewe, akacheza fainali ya Super Bowl na kuibuka bingwa. Tangu siku hiyo sindano ikawa na nyota. Kwamba goti la mchezaji kijana huweza kutulia lenyewe kwa wiki mbili, hilo halikuandikwa na gazeti lolote kwa herufi kubwa.

Arusha ni mji wa wakimbiaji, na wakimbiaji huniuliza kuhusu kupimwa dawa. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, WADA, liliwahi kuizuia PRP ya kuchomwa kwenye msuli, kwenye orodha ya mwaka 2010. Mwaka 2011 katazo likaondolewa. Vichochezi vyenyewe vilivyosafishwa na kuuzwa peke yake vimebaki marufuku. Kwa hiyo plazma yako ni ruksa, lakini kichupa cha poda ulichoagiza mtandaoni ni habari nyingine.

Sasa turudi kwenye mashine, maana wengi hulipita eneo hili haraka na mimi naona ndipo penye kiini. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Kliniki husema, "Tunaziongeza mara tatu." Haya, tuhesabu. Mgonjwa wa kwanza ana 160,000; mara tatu ni 480,000. Wa pili ana 400,000. Mara tatu ni 1,200,000. Wote wamelipa bei moja, wamechomwa ujazo mmoja, na mmoja amepata zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Fikiria panadol ambayo kidonge kimoja kina miligramu 200 na kingine 500, na hakuna aliyeandika kwenye pakiti.

Halafu kuna kuzungusha kwenyewe. Utasikia "tunazungusha 3,000 kwa dakika" kana kwamba hicho ni kipimo. Nguvu inayozisukuma chembe hutegemea pia urefu wa mkono wa mashine. Kwenye mashine yenye mkono wa sentimita 10, mizunguko 3,000 inatoa nguvu ya karibu mara 1,000 ya uvutano wa dunia. Kwenye mkono wa sentimita 16, mizunguko ileile inatoa karibu mara 1,600. Ukizungusha kwa nguvu mno tangu mwanzo, chembe sahani nazo zinazama. Fundi asiyejua anafyonza ile plazma ya juu, safi, inayong'aa, akaipiga na picha. Ile ya kung'aa mara nyingi ndiyo iliyopungukiwa. Plazma iliyojaa chembe sahani huwa na ukungu kidogo, wala haipendezi sana kwenye picha. Wanaofanya kwa umakini huzungusha polepole kwanza, wakatenga chembe nyekundu, wakazungusha tena kwa nguvu zaidi, wakamwaga sehemu ya plazma ya juu na kuzikoroga taratibu zile zilizotuama.

Na chupa. Niliwahi kuitwa jumamosi moja kusaidia mahali fulani nisipopataja. Nikakuta mezani chupa za kifuniko cha zambarau, zile tunazowekea damu ya FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Dawa iliyomo mle huzuia damu isigande ili tuhesabu chembe, lakini huziharibu chembe sahani kwa matumizi haya, na chupa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya kupima na kutupa. Haikutengenezwa ili kilichomo kirudi mwilini mwa mtu. Chupa za kazi hii huja kwenye seti maalumu, zimetakaswa kwa ajili ya kurudisha, na aghalabu zina dawa ya jamii ya sitreti. Niliuliza. Nikaambiwa, "Dada, damu si ni yake?" Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama PRP inafanya kazi, swali la kwanza ni: ipi? La pili ni: kwenye tishu gani?

Goti ndilo lililomleta jirani, tuanze nalo. Wazee wetu husema "ute wa goti umekwisha". Hospitali wanasema gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, linasagika. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijitengenezi kama ngozi, na ndiyo maana wazo la kulipelekea vichochezi lilivutia. Mwaka 2021 huko Australia watafiti walichapisha jaribio la watu 288 wenye umri wa kuanzia miaka 50, wenye magoti yaliyosagika kwa kiwango kidogo hadi cha kati. Nusu walichomwa PRP mara tatu, wiki moja moja. Nusu walichomwa maji ya chumvi, bila kujua. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata PRP walikuwa wameshuka kwa pointi 2.1. Waliopata maji ya chumvi walikuwa wameshuka kwa 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuihesabu, na upungufu wa ujazo wa gegedu haukutofautiana.

Isome tena hiyo 1.8. Watu waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu, tena nafuu ya kweli, si ya kuigiza. Maumivu ya goti hupanda na kushuka. Mtu huenda kwa daktari siku yanapokuwa kileleni, na siku zinazofuata hushuka hata angechomwa nini. Ongeza matumaini, ongeza kuhudumiwa vizuri, ongeza kupumzika. Shuhuda wote kwenye matangazo, hata wale wanaosema ukweli mtupu, wanaweza kuwa wanasimulia ile 1.8.

Waliokosoa jaribio hilo walisema plazma iliyotumika haikuwa na chembe sahani za kutosha. Hoja hiyo ina uzito, na mtu aliyesoma hesabu yangu ya juu ataiona. Tena majaribio mengine yaliyoilinganisha PRP na sindano ya ute bandia yameonyesha PRP ikiongoza kwa miezi 6 hadi 12. Ndiyo maana madaktari wa mifupa wenyewe wamegawanyika. Mimi naona hivi: kwa goti lililosagika kidogo, la mtu aliyekwisha kufanya mazoezi na kupunguza uzito kwa dhati, ni jambo la kujadiliana na daktari. Kwa goti lililobaki mfupa kwa mfupa, ni kuchoma hela.

Kano ya kisigino inamaliza ubishi mapema. Jaribio la Uholanzi la 2010 lilikuwa na watu 54, lile la Uingereza la 2021 lilikuwa na 240, na yote mawili hayakuona faida ya PRP kuliko sindano isiyo na dawa. Msuli wa nyuma ya paja uliochanika, maradhi ya wakimbiaji wetu, ulijaribiwa Uholanzi kwa wanamichezo 80 na matokeo yakachapishwa 2014: waliochomwa PRP walirudi uwanjani wakati mmoja na wenzao. Kiwiko kinachouma upande wa nje kilionekana kuwa kimbilio la PRP kwa miaka mingi, hasa ikilinganishwa na sindano ya steroidi ambayo hutuliza kwa wiki chache kisha maumivu yakarudi. Kisha uhakiki wa Cochrane wa 2021 ukajumlisha majaribio mengi pamoja ukahitimisha kwamba huenda hakuna faida ya maana. Mazoezi ya kuukaza msuli huku unarefuka, yale ya kushusha kisigino polepole kwenye ngazi, hayana mtu wa kuyatangaza. Nani atalipia tangazo la ngazi?

Nywele zilinifikia kupitia wifi yangu wa Sakina. Amesuka rasta tangu yuko sekondari, ndefu, za kubana, na nywele za kwenye paji na pembeni zimekimbia hadi karibu na masikio. Alichomwa PRP kichwani mara tatu, kila sindano laki kadhaa, na kati ya sindano ya pili na ya tatu alikwenda kusuka tena kwa sababu kulikuwa na harusi Moshi. Hakuna aliyemwambia asisuke. Hakuna hata aliyemuuliza kwa nini nywele zimekimbia.

Hili la kuuliza kwa nini ndilo linaloamua kila kitu. Upara wa kurithi, ule wa baba kurudi nyuma kwenye paji na mama kufunguka utosini, hutokea kwa vinyweleo kusinyaa polepole. Kinyweleo kipo, kimelegea. Hapa PRP ina ushahidi wa kutia moyo: majaribio kadhaa madogo yameonyesha nywele kuongezeka ujazo, kwa kawaida baada ya sindano tatu zinazoachana mwezi mmoja, kisha marudio kila miezi 6 hadi 12. Lakini kila mtafiti aliandaa plazma kwa namna yake, kwa hiyo matokeo ya mmoja hayakuhakikishii ya kliniki ya jirani. Na hakuna anayemaliza. Ukiacha, upara unaendelea na safari yake. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, nayo ina sharti hilohilo, ila inapatikana duka la dawa, ina utafiti mrefu zaidi nyuma yake, na inataka uvumilivu wa miezi minne au zaidi kabla ya kuihukumu.

Nywele zilizonyofolewa na kusuka ni kesi nyingine. Mwanzoni, ukiacha kuvuta, zinarudi zenyewe. Vuta kwa miaka, kinyweleo kinageuka kovu. Vivyo hivyo kuna upara unaoanzia utosini na kutanuka, unaowapata sana wanawake weusi, ambao ndani yake kuna uvimbe unaoacha kovu. Huo unataka dawa za kutuliza uvimbe, na unataka mapema. Ngozi ya kichwa ikishakuwa laini na kung'aa, bila vitundu, mafundi wameshahama kijijini. Piga mbiu utakavyo.

Kutofautisha kinyweleo kilichosinyaa na kilichokufa si kazi ya saluni. Inataka daktari wa ngozi na kioo cha kukuzia, wakati mwingine kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Kwa jambo hilo sisi wa Moshi tuna bahati kuliko miji mingi: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko palepale hospitali ya KCMC tangu 1992. Watu hutoka nchi jirani kuja kusomea pale, na sisi tunakimbilia tangazo la simu.

Uso sitakaa nao sana. Kwa makovu ya chunusi, plazma ikipakwa pamoja na mashine ya visindano vidogo huonekana kusaidia kidogo kuliko visindano peke yake. Kwa makunyanzi ushahidi ni mwepesi. Kwa ngozi yetu kila tundu lina gharama yake: linaweza kuacha doa jeusi linalodumu miezi, na mwenye historia ya keloidi, kovu linalovimba kupita kidonda, hana sababu ya kutobolewa uso mara mia kwa hiari. Kuna pia visa vichache vilivyoripotiwa vya watu kupofuka jicho baada ya kuchomwa PRP karibu na macho.

Lakini hatari iliyonifanya niandike makala haya ni nyingine, na haitokani na plazma. Mwaka 2018 huko Albuquerque, Marekani, mwanamke mmoja alikutwa na virusi vya UKIMWI bila njia yoyote ya kueleweka isipokuwa huduma ya uso ya aina hii aliyoifanya saluni. Wachunguzi walipoingia walikuta chupa za damu zisizo na majina ndani ya friji ya jikoni, pamoja na chakula. Taarifa ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ya mwaka 2024 iliwahusisha wateja zaidi na saluni hiyo, na mwenye saluni alikwishakiri mahakamani kufanya udaktari bila leseni. Maneno "damu yako mwenyewe" ni kweli mpaka pale chupa mbili zisizo na jina zinapokaa meza moja. Kazini kwetu chupa isiyoandikwa jina haipimwi hata kama aliyeileta ni bosi; inamwagwa na mgonjwa anaombwa samahani.

Kuna watu ambao daktari makini atawarudisha mlangoni: wenye chembe sahani chache, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye maambukizi mahali pa kuchomwa, wenye saratani inayoendelea. Na hili halisemwi: malaria hushusha chembe sahani, wakati mwingine mno. Mtu aliyetoka kuugua malaria wiki iliyopita akachomwa PRP leo, bila FBP, huenda amelipia maji ya manjano. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huzidumaza chembe sahani, ndiyo maana wengi hushauri uziache wiki moja kabla. Aspirini ya moyo usiiache kwa shauri la kliniki ya urembo, muulize aliyekuandikia.

Jirani nilimwandikia maswali kwenye karatasi, nyuma ya risiti ya umeme. Goti langu limepigwa picha na limesagika kiasi gani? Mtahesabu chembe sahani kabla na baada ya kuzungusha? Chupa ni za seti maalumu? Sindano inaongozwa na altrasaundi? Anayechoma amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Alipiga simu kesho yake asubuhi. Dada wa mapokezi alimsikiliza hadi swali la pili, akamuuliza, "Kwani mzee wewe ni daktari?"

Hajaenda. Amekwenda kwa mtaalamu wa viungo hapa mjini, ambaye anamsimamisha na kumkalisha kwenye kiti bila kushika mikono, seti tatu, kila jioni. Msimu huu ameshuka Mweka na fimbo mbili, zile alizokuwa anawacheka nazo wageni. Anasema goti linauma bado, ila sasa analala.

Wifi amefumua rasta. Yuko mwezi wa nne wa minoksidili, na kila tarehe mosi ananitumia picha aliyopiga dirisha lilelile, mwanga uleule. Upande wa kushoto kuna vinyweleo laini vimeanza kutoka. Wa kulia bado.